Yule wa Dirishani

Vijana wa zamu, mmeniomba niandike. Mlisema kwenye lile kundi letu la WhatsApp, "Mzee Wambura, umestaafu, tuachie maneno ya kazi." Nimewasikia. Nilidhani mtataka kujua jokofu la pili likigoma linapigwa wapi (upande wa kushoto, chini, kwa kiatu, siyo kwa mkono). Kumbe wengi mlitaka kujua habari ya kile kitanda cha saruji cha dirishani, na kwa nini miaka yote niliwakatalia kuweka ndoo pale. Sawa. Lakini siwezi kuwaeleza kitanda bila kuwaeleza Mama Mafuru, ambaye hakuwahi kuajiriwa na hospitali hata siku moja na aliijua kazi yetu kuliko mimi. Kwa hiyo mtavumilia. Nina muda sasa, na mke wangu amechoka kunisikiliza.

Niliingia mochwari nikiwa kijana mwembamba wa mtaa wa Iringo. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyeupe. Mzee Chacha, aliyekuwa mkubwa wangu, aliviangalia kwa muda mrefu halafu akanipa mpira wa maji. Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu: namna ya kumgeuza mtu mzito bila kuumiza mgongo, namna ya kufunga taya kwa bandeji, namna ya kuongea na ndugu waliokuja wakiwa na hasira. Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Brashi, mpira, shuka, dawa ya kuhifadhia, na lile daftari kubwa lenye jalada jeusi.

"Mura," aliniambia, yaani kijana kwa Kikurya chao, akiligonga daftari kwa kidole, "huyu aliyelala hapa hawezi kusema. Hili ndilo mdomo wake. Ukiandika ovyo umemziba mdomo."

Nilitikisa kichwa kama nimeelewa. Nilikuwa najivunia mwandiko wangu, basi.

Mwezi wangu wa pili Mzee Chacha alienda likizo kwao Tarime, nikabaki peke yangu. Wavuvi wa Murangi wakaleta mtu waliyemkuta majini, amekaa huko siku kadhaa. Ninyi mmeshaona, sina haja ya kueleza. Nilimlaza kwenye kitanda cha dirishani kwa ajili ya hewa, nikamsafisha nilivyoweza, nikafungua daftari. Namba kumi na nne. Mwanaume. Miaka arobaini. Kovu la moto mkono wa kushoto, umbo la nusu duara. Uzi wa wavu wa nailoni umefungwa kiunoni, umesokotwa mara tatu. Niliandika vizuri kweli. Hata wino haukuchuruzika.

Siku ya pili, saa sita mchana, alikuja mwalimu mmoja. Shati limefungwa hadi kifungo cha juu, vumbi hadi magotini. Alisimama mlangoni akasema anamtafuta mwanawe, aliingia ziwani kuvua dagaa na hakurudi. Nikamuuliza umri. Akasema kumi na tisa. Nikapitisha kidole kwenye safu ya umri, juu hadi chini. Hapakuwa na kumi na tisa.

"Hayupo, mwalimu," nikamwambia.

Akanishukuru. Hilo ndilo limeniuma miaka yote, kwamba alinishukuru. Alikuwa amesimama hatua nane kutoka dirishani, na shuka lilikuwa limemfunika mtu yule mpaka kichwani. Nilimuuliza umri tu. Sikumuuliza kovu.

Siku zilizowekwa zikapita, hakuna aliyejitokeza, tukamzika namba kumi na nne makaburi ya manispaa, mstari wa nne, kigingi cha mti na namba ya rangi nyeupe. Mzee Chacha aliporudi alikaa na daftari kama kawaida yake, akisoma mwili mmoja mmoja. Alifika pale akasimama.

"Huyu umempimaje miaka arobaini?"

"Kwa sura, mzee."

"Aliyekaa majini hana sura. Maji yanamzeesha mtu kwa siku tatu. Hapa unaandika meno, unaandika kovu, umri unauacha wazi." Akanitazama. "Kuna mtu alikuja kuuliza?"

Nikasema hapana.

Hivyo ndivyo uongo ulivyo, vijana. Hauhitaji hata maneno mawili.

Tangu wiki ile kitanda cha dirishani hakikukauka. Nilikipangusa asubuhi, saa nne nakuta maji yametanda, membamba, kuanzia pale kichwa kinapolala. Bomba liko ukuta wa pili. Fundi wa bati alipanda mara mbili, kiangazi, jua linawaka, akashuka akasema bati zima halina tundu. Mzee Chacha alionja yale maji kwa ncha ya ulimi (mzee yule hakuwa na kinyaa) akasema ni ya ziwa. Akaacha kukitumia kitanda kile, akaniambia na mimi nikiache. Hakunieleza sababu, na mimi niliyekuwa najua sababu sikuuliza.

Mama Mafuru alikuja mwaka uliofuata. Mwenzao wa jumuiya ya kanisa, wa Bweri, alikuwa amefariki, wakaja wanawake sita kumwosha na kumvisha. Watano walifanya kazi yao wakiangalia chini, kama wageni wote. Yeye akawa anaangalia pembeni, kwenye machela iliyokuwa na mtu bila ndugu.

"Huyu ni wa nani?"

"Wa manispaa," nikasema.

"Manispaa haina tumbo la kuzaa," akasema. "Nipe maji."

Nikampa. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono mikubwa, kitenge kimekazwa kiunoni. Kabla ya kumgusa yule mtu aliinama karibu na sikio lake akamsalimia. Alimsalimia Kijita. Akasubiri. Akamsalimia Kizanaki, kwa kuwa mama mwenyewe kwao ni Butiama. Akasubiri. Kikurya, Kijaluo, Kikwaya. Mwisho akasema "Mwangaluka," kama Wasukuma wanavyoamkiana asubuhi, halafu akanyoosha mgongo.

"Huyu Msukuma," akaniambia. "Andika."

Nilicheka kimoyomoyo. Siku tatu baadaye ndugu zake walifika kutoka upande wa Magu. Wasukuma watupu.

Mtasema aliona chale usoni, au meno. Na mimi nilisema hivyo. Nilikuwa na maelezo kwa kila kitu. Lugha alizijua kwa sababu aliuza dagaa sokoni Bunda miaka mingi, na Bunda kila kabila linanunua dagaa. Lakini alianza kuja kila Alhamisi, na kila Alhamisi yasiyo na maelezo yakawa yanaongezeka. Siku moja polisi walileta mtu kutoka majini, hawakusema alipatikana vipi. Mama Mafuru alimsalimia, akaitikiwa Kijita, hivyo ndivyo alivyokuwa anasema, "ameitika." Akachukua kitambaa, akakiweka tena.

"Leo simwoshi. Anamsubiri mwenzake."

"Mwenzake yupi, mama?"

"Mimi nitajuaje? Kaka yake, nadhani. Wewe baba, mbona unaulizaga maswali ya mtihani?"

Kesho yake saa tano asubuhi walileta wa pili. Mama mmoja, baba mmoja. Tukawalaza sambamba, akawaosha kwa ndoo moja. Mimi nilienda nyuma ya jengo nikakaa juu ya tofali.

Na kuna jambo lingine. Tangu siku ile ya kwanza kabisa, kila alipoingia, kabla ya kuwaangalia waliolala kwenye machela, aligeukia kitanda cha dirishani. Kitupu. Alikisalimia Kijita, salamu ya mama kwa mtoto, halafu akachukua pembe ya kitenge chake akayapangusa yale maji taratibu, kuanzia juu. Anavyopanguswa mtoto uso.

"Mama, unamsalimia nani?"

"Yule wa dirishani."

"Hakuna mtu pale."

"Basi nimekosea," akasema, na Alhamisi iliyofuata akasalimia tena.

Vijana waliokuja baadaye walidhani ni uzee. Hakuwa mzee wakati ule.

Niwaeleze na maisha yake, maana msibani watu wanapenda kusoma mwaka wa kuzaliwa na idadi ya wajukuu, na huyu alikuwa zaidi ya hapo. Alizaliwa Butiama, akaolewa Murangi na mwalimu. Alizaa watoto sita. Mwalimu alipopata kisukari wakahamia Bweri ili awe karibu na hospitali, na kisukari kikala macho yake polepole mpaka akawa haoni kabisa. Kwa hiyo kila Alhamisi ikifika saa sita na nusu Mama Mafuru alinawa mikono, akajifunga upya. "Nikimbie, mwalimu hawezi kutoa miiba." Alimtolea mume wake miiba ya samaki kila mlo, tonge kwa tonge, na sato mnamjua alivyo na miiba. Hata siku tuliyopokea watu wa mtumbwi mzima, alikwenda Bweri kwa bodaboda, akamlisha mwalimu, akarudi.

Jumanne alikuwa kliniki, anashika watoto kwenye mzani, kwa sababu watoto walilia wakishikwa na wauguzi na kwake walinyamaza. Jumamosi anapiga deki kanisani. Mwanamke akishikwa na uchungu Bweri, yeye ndiye anayepigiwa simu, si gari. Hakulipwa popote. Mara moja metroni alitaka kumpa kitambulisho cha kujitolea, chenye picha na kamba. Alikivaa siku moja, kikamdumbukia kwenye ndoo, akakianika na hakukivaa tena.

Mimi alinikuta mlevi. Kazi yetu mnaijua, wengi tunaanza na kikombe kimoja cha kuondoa harufu. Nilikuwa naficha gongo kwenye chupa ya dawa ya kusafishia. Siku moja aliichukua akaimwaga kwenye mfereji bila kuninusa hata mdomo. "Hawa watu wanakuvumilia unavyonuka," akasema. "Hawana pa kwenda." Nikaacha, siyo siku ile, lakini niliacha. Akamwita mke wangu, aliyekuwa amerudi kwao, wakaongea mambo ambayo sikuambiwa hadi leo. Mke wangu alirudi na mzigo wake. Nikawa nakwenda Bweri kula kwao mara moja moja. Mwalimu alikuwa ananisalimia kwa adabu, anageuza uso upande wa sauti yangu, anakaa hivyo muda mrefu. Ugonjwa ulikuwa umembadilisha, mwanzoni sikumtambua; nilidhani ndivyo vipofu walivyo.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya kama miaka miwili ya kuja kwake. Alikuwa anamwosha kijana mwenye makovu ya mikononi, kama walivyo wavuvi wa dagaa, wale wa usiku wenye taa za karabai. Akasema bila kunitazama:

"Mafuru wangu alikuwa na la hapa. Nusu duara. Alishika karabai ya moto akiwa na miaka kumi na moja, anajifanya mkubwa."

Nikafunga mpira wa maji.

"Siku ya kwanza kuingia ziwani nilimsokotea uzi wa wavu, nyuzi tatu, nikamfunga kiunoni. Nilimwambia usiufungue. Baba yake alinicheka, eti mke wa mwalimu anaamini nyuzi." Alikamua kitambaa. "Baba yake alikujaga hapa kumuuliza. Wakamwambia hayupo."

Nikamwambia naenda kuchukua shuka. Nilikwenda stoo, nikashusha daftari la zamani, nikalifungua kwenye namba kumi na nne. Mwandiko wangu mzuri. Nilikaa sakafuni kule stoo. Nilikuwa nimemwita Mama Mafuru miaka miwili, mara kumi kwa siku. Kila nilipomwita nilikuwa namtaja kijana niliyemziba mdomo.

Niliporudi alikuwa amesimama dirishani, anapangusa.

Mngefanya nini? Mimi nilijiambia nitamwambia Alhamisi ijayo. Alhamisi ilipofika, kulikuwa na mama aliyeletwa kutoka Bunda bila ndugu, na nikafikiri, nikisema leo atatoka kwenye ule mlango asirudi, na huyu mama nani atamsalimia? Ukweli mwingine ni kwamba niliogopa kazi. Ukweli mwingine tena ni kwamba nilikuwa nimempenda kama mama yangu na sikutaka aniangalie na macho mengine. Chagueni mnaoutaka, yote ni kweli. Alhamisi zikawa miaka.

Kwao Murangi, mtu akipotelea majini wanazika mgomba. Wanaukata, wanauvika shuka, wanaulilia, wanaufukia, ili aliyepotea ajue nyumbani kumefungwa matanga. Ukoo wa mwalimu ulimtengea Mafuru nafasi karibu na babu yake. Kila mwaka walikuja Bweri kuzungumza habari ya mgomba, na kila mwaka Mama Mafuru alipika vizuri, akawahudumia, akakataa.

"Siwezi kuzika mgomba wakati mtoto yupo," aliniambia.

"Yupo wapi, mama?"

Alinitazama. Alinitazama kwa muda ambao mpaka leo nikifumba macho naupima. "Yupo," akasema, akaomba sabuni.

Mimi nilikuwa nakwenda makaburi ya manispaa peke yangu, mchana, wakati wa chakula. Nilikata majani mstari wa nne. Kile kigingi nilikibadilisha mara tano, nikaipaka namba upya kila mara. Nilijidanganya kwamba huko ni kulipa.

Aliugua mwaka wangu wa mwisho kazini. Tumbo. Walimlaza wodi ya wanawake, dirisha lake linaangalia paa letu. Nilikwenda Alhamisi, saa sita, nimejipanga. Alikuwa amebaki mikono tu. Aliuliza kama mwalimu ametolewa miiba. Nikamwambia binti yake anafanya. Akauliza kama nimemsalimia yule wa dirishani. Nikasema, bado.

"Kamsalimie," akasema. "Mimi leo sifiki."

Nilifungua mdomo. Muuguzi akaingia na dripu, nikaufunga. Nikatoka. Nililia kwenye ngazi, mtu mzima mwenye mvi, watu wananipita. Siku mbili baadaye wakamleta chini kwa machela, mimi ndiye niliyepokea, na mimi ndiye niliyeandika kwenye daftari. Perpetua, mke wa mwalimu Masatu, wa Bweri. Umri nikaujaza kwa vile ulijulikana.

Wanawake wa jumuiya walikuwa wanakuja saa nane kumwosha. Nikawaomba nyinyi vijana mtoke, mnakumbuka, mkanung'unika kwamba mzee anazeeka. Niliinama sikioni nikamsalimia. Kijita. Kizanaki. Najua hamuamini, na mimi nimekaa kule miaka mingi kuliko yeyote, wafu hawaitiki. Hakuitika. Lakini yale maji ya dirishani, ambayo siku zote yalikuwa yametanda tu bila kudondoka, yalianza kudondoka. Tone, kimya, tone. Umeme ulikuwa umekatika, majokofu yamezima, na nilisikia kila moja likifika sakafuni. Nikamwambia mama pale pale, kwa sauti: "Namba kumi na nne. Mstari wa nne. Mimi ndiye niliyesema hayupo."

Matone hayakuacha. Nikajua kumwambia aliyekufa hakutoshi. Nikavua glavu, nikapanda bodaboda kwenda Bweri.

Mwalimu alikuwa amekaa nje, watu wamejaa, wanafunga turubai. Niliomba tuingie ndani wawili. Nikamwambia yote, kuanzia wino mpaka likizo ya Mzee Chacha. Nikamsomea daftari lile la zamani, nilikuwa nimelibeba kwenye mfuko wa salfeti. Nilipofika kwenye uzi uliosokotwa mara tatu alinyoosha mkono, akagusa karatasi, kama mtu anayeweza kusoma.

"Wambura," akasema. "Sauti yako niliijua siku ya kwanza uliyokuja kula hapa. 'Hayupo, mwalimu.' Nilikuwa nimeisikia kila siku."

Nikalifunga daftari.

"Nikamwambia mama. Nikasema, yule bwana wako wa mochwari ndiye aliyenijibu, na akinisalimia sauti inatetemeka. Muulize. Unajua alisema nini? Alisema, nikimuuliza ataogopa. Akiogopa atanifungia mlango. Nikifungiwa mlango, nani atamsalimia mtoto?"

Miaka yote ile. Mimi nilinyamaza nisimpoteze yeye, yeye alinyamaza asimpoteze yule wa dirishani, tukawa tunapeana sabuni.

Nilimwambia mwalimu anipige kama anataka. Akasema mikono yake imezoea chaki. Baadaye akasema, na hili liliniuma kuliko ngumi, "Mama asubiri. Wataondoka pamoja."

Kaka zake Mama Mafuru walifika kutoka Butiama, wakataka kujua dada yao anasubirishwa nini kwenye jokofu. Mwalimu aliwaeleza mwenyewe, nami nikiwa nimesimama mbele yao. Mmoja alinyanyuka, wenzake wakamkalisha. Kibali cha kufukua kilichukua siku nne. Nilitoa maelezo yangu kwa maandishi, nikasaini, nikijua nimebakiza wiki tatu kustaafu na kwamba huenda zisiishe. Zilikwisha. Aliyesoma maelezo yangu aliniuliza tu kama ni kweli maji yanazeesha. Nikamwambia ndiyo.

Tulifukua saa nne asubuhi, jua kali. Kwenye mifupa ya kiuno ulikuwepo uzi. Nailoni haiozi, mnajua. Bwana afya aliuosha, akampa mwalimu mkononi. Mwalimu aliupitisha kati ya vidole, taratibu, kutoka ncha hadi fundo, halafu akarudia. Wachimbaji waliweka majembe chini.

"Huu ni mkono wa mama yake," akasema. Akauinua akaunusa, akaufunga kwenye leso yake mwenyewe.

Sanduku dogo lilikaa mochwari siku moja, likisubiri gari. Nililiweka kwenye kitanda cha dirishani. Nikamleta Mama Mafuru kwa machela, nikamsogeza mpaka pale, ubavuni. Sikusalimia. Niliona hawakuwa wananihitaji.

Murangi tuliwazika mchana. Mtoto ndiye aliyetangulia kushuka, kwa vile ndiye aliyetangulia. Walipofika kwenye wasifu, padri akauliza marehemu ameacha watoto wangapi. Mwalimu akajibu kutoka alipokaa, "Watano. Na mmoja yuko naye." Baada ya chakula alikaa peke yake na sahani. Nikasogea, nikanawa mikono, nikamtolea miiba. Alikula. Tangu hapo naenda Bweri kila Alhamisi, saa saba kasoro.

Siku yangu ya mwisho nilikwenda kazini kukabidhi funguo. Sikuwasha taa, jua lilikuwa linatosha. Nilikwenda dirishani nikasalimia Kijita, kama alivyokuwa anafanya. Halafu nikapitisha kiganja juu ya saruji, kuanzia pale kichwa kinapolala.

Pakavu.

Nilisimama pale, mkono umejaa vumbi, nikagundua hata yeye ameniachia pengo, kijana ambaye sikuwahi kumwona uso wake hai. Nikapangusa vumbi kwa shati langu.

Basi, nyie mliobaki. Jokofu la pili nimewaambia linapigwa wapi. Glavu zihesabuni kila Ijumaa, zinaibwa. Aliyetoka majini msimwandike umri. Na siku mkikuta pale dirishani, au popote, pamelowa bila sababu, msimwite fundi wa bati. Fungueni daftari, msome, mstari kwa mstari, mpaka mumpate mliyesema hayupo.